Mwenye haki ya kuozesha

Kiswahili kina vitenzi vitatu vya ndoa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mzazi huozesha. Mijadala yetu huzunguka viwili vya kwanza, nani amwoe nani, kwa umri gani, kwa mahari kiasi gani. Cha tatu tunakiacha kimekaa kimya pembeni, kama mzee wa ukoo kikaoni ambaye kila mtu anajua kuwa neno la mwisho ni lake. Anayetaka kuielewa India ya leo, nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.4, akishike hicho cha tatu. Huko jati, yaani tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo na hufa nalo, limepigwa marufuku kwa namna nyingi tangu Katiba ya 1950, limekemewa na watakatifu wa kila dini, limetabiriwa kifo na wasomi wa kila kizazi, na bado lipo. Hoja yangu ni kwamba halidumu kwa maandiko ya kale wala kwa umaskini. Linadumu kwa sababu ukoo haujaachia haki ya kuozesha, na hasa haki ya kumwozesha binti. Anayeyatazama mateso ya wanawake, unyonge wa Wadalit, watu wa jati za chini kabisa, na uhasama wa dini kama kesi tatu tofauti atashangaa kwa nini kila moja hukwama, maana mizizi yake imeshikana chini kwa chini.

Hoja hii ina mwenyewe. Mei 1916, mwanafunzi wa miaka 25 alisoma mada yake mbele ya semina ya anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ni Bhimrao Ambedkar, mtoto wa jamii ya Wamahar, watu waliohesabiwa najisi kiasi kwamba shuleni alikuwa haruhusiwi kugusa chombo cha maji. Ndiye baadaye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Wasomi wa wakati ule walikuwa wakieleza jati kwa rangi, kwa kazi, kwa unajisi. Ambedkar aliyaweka hayo yote kando akabaki na jambo moja: jati ni kundi lililokataza watu wake kuoana na walio nje. Kisha akapiga hesabu. Kundi la namna hiyo linahitaji wanaume na wanawake walingane kwa idadi, na kifo huivuruga hesabu kila siku. Mume akifa, mjane amezidi. Akiolewa tena ndani ya kundi, atachukua mume aliyekuwa fungu la msichana mwingine. Akiolewa nje, uzio umebomoka. Basi ama achomwe pamoja na maiti ya mumewe, ama aishi lakini anyimwe mapambo, nguo za rangi na matumaini. Mke akifa, mjane wa kiume naye amezidi, ila yeye ana thamani na hachomwi. Hutafutiwa mke katika rika lisilofikia bado umri wa kuolewa. Sati, yaani kuchomwa huko kwa mjane, ujane wa lazima na ndoa za utotoni, mambo ambayo wahubiri waliyahesabu kuwa dhambi tatu, kwa kijana huyu yalikuwa mistari mitatu ya daftari moja.

Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba inaeleza kwa nini mageuzi ya India yamekata matawi mengi na mti umebaki. Sati ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1829, baada ya kampeni ya watu kama Ram Mohan Roy. Ndoa ya mjane iliruhusiwa kisheria mwaka 1856 kwa juhudi za Ishwar Chandra Vidyasagar. Sheria ya Sarda ya 1929 iliweka umri wa chini wa msichana kuolewa kuwa miaka 14, na sasa ni 18. Haya si madogo. Utafiti wa taifa wa afya ya familia wa 2005 hadi 2006 ulikuta kwamba karibu asilimia 47 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Ule wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 23. Lakini mageuzi yana kawaida ya kurudi nyuma kwa mlango wa uani. Jamii nyingi za chini zilikuwa zikiwaoza wajane wao bila haya yoyote, na mwanasosholojia M. N. Srinivas alionyesha kwamba jamii ya namna hiyo ikipata mali na kutaka kupanda cheo huanza kuiga desturi za Wabrahmani, jati ya juu ya makuhani: huacha nyama, huacha pombe, na huwafungia wajane. Yaani ngazi ya heshima ya kundi zima hupandwa kwa kukanyaga mabega ya wanawake wake.

Tazama sasa mti wenyewe. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa nchi nzima mwaka 2011 na 2012 ulikuta kwamba ndoa za watu wa jati tofauti zilikuwa karibu 5 kwa kila 100. Ni baada ya miaka zaidi ya 60 ya uhuru, reli, viwanda na vyuo vikuu. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, kilichohoji watu wazima karibu 30,000 kabla ya janga la korona, kilikuta asilimia 64 wakisema ni jambo muhimu sana kuwazuia wanawake wa jamii yao wasiolewe jati nyingine. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 62, na hapa mpinzani wangu ana haki ya kunikatiza: kama wanaume nao wanazuiwa kwa kiwango kilekile, vipi nadai kwamba uzio umejengwa juu ya binti? Jibu ni kwamba kura ya maoni hupima kinachosemwa, na adhabu hupima kinachouma. Mtoto India huchukuliwa kuwa wa jati ya baba; Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini ndiyo inayoanza. Mwana wa kiume akimleta mke wa chini, ukoo utanuna kisha utammeza. Binti akienda chini, tumbo lake limehamishia damu ya ukoo upande wa pili, na hakuna namna ya kuirudisha. Vitabu vya kale vya sheria vilikuwa na majina mawili kwa hali hizi mbili, moja la kuvumiliwa na moja la kulaaniwa. Nadhani pia kwamba mageuzi ya sheria ya urithi ya 2005, yaliyompa binti wa Kihindu fungu sawa na kaka zake katika mali ya ukoo, yameongeza wasiwasi huo badala ya kuupunguza, kwa sababu sasa akiondoka anaweza kuondoka na shamba.

Wapo wanaoamini kwamba haya ni ya vijijini na yatayeyuka mjini. Wachumi wanne, wakiwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliokuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 2019, walichambua matangazo ya kutafuta wachumba katika gazeti la Kibengali la Kolkata, mji wa wasomi, wasomaji wa magazeti, watu wa tabaka la kati. Waligundua kwamba upande wa bibi harusi ungekubali kupoteza tofauti iliyopo kati ya mwanamume asiye na elimu kabisa na mwenye shahada ya uzamili, mradi tu mume awe wa jati yao. Cha kuvutia zaidi ni matokeo ya pili. Kila jati ina wasomi wake na wasio wasomi, warembo wake na wa kawaida, kwa hiyo mtu anayeng'ang'ania jati yake hapati hasara kubwa. Atampata humohumo anayemtaka. Jati haifi sokoni kwa sababu kuishikilia ni rahisi kwa bei. Utandawazi haukuiua, uliijengea kisanduku cha kuchagulia kwenye tovuti za wachumba, karibu na kisanduku cha urefu na cha mshahara.

Ila bei hiyo nafuu hulipwa na mtu, na hapa lazima nisimame kidogo kwenye neno. Magazeti yetu yakiandika habari za wanawake wa India wanaochomwa moto kwa ajili ya mahari, msomaji wa Kiswahili hupotoshwa, maana kwetu mahari hutoka kwa mwanamume kwenda upande wa mke. Huko kinachoitwa dahej husafiri kinyume: hutoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume na wazazi wake. Kimekatazwa kwa sheria tangu 1961, na watafiti waliochunguza ndoa 40,000 za vijijini zilizofungwa kati ya 1960 na 2008 walikuta dahej ililipwa katika asilimia 95. Takwimu rasmi za uhalifu huandika zaidi ya vifo 6,000 vya dahej kwa mwaka. Wengi husema chanzo ni tamaa. Tamaa iko kila nchi. Kilicho maalumu India ni kwamba binti lazima aolewe ndani ya jati, aolewe mapema, na ikiwezekana aolewe na aliye juu kidogo. Kwa hiyo baba wote wenye mabinti wa jati moja wanagombea wavulana wachache wenye kazi serikalini au shahada ya uhandisi. Ukizungushia soko uzio, bei hupanda. Mvulana wa namna hiyo huwa na bei inayojulikana mtaani, na baba mwenye mabinti watatu huanza kudhoofika siku ile wa tatu anapozaliwa. Kutoka hapo hadi kwenye kliniki ya kupima jinsia ya mimba ni hatua fupi.

Haryana, jimbo la mashamba ya ngano linaloizunguka Delhi pande tatu, linaonyesha hesabu hii ikifika mwisho wake. Sensa ya 2011 ilikuta huko wasichana 834 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri usiozidi miaka sita, ingawa kupima jinsia ya mimba kulikuwa kumekatazwa tangu 1994. Wavulana wa miaka ya nyuma, waliozaliwa katika upungufu uleule, wamekua na wake hawapo. Basi wanaume wa huko, hasa wasio na ardhi ya kutosha kushindana nyumbani, huleta wake kutoka Assam, Bengal ya Magharibi, Bihar, Odisha, hata Kerala, wanawake wa lugha nyingine na jati nyingine, na mara nyingi fedha hupita katikati. Mwanamke wa namna hiyo huitwa paro, au molki, neno linalotokana na bei. Kwa nadharia ya haraka haraka, haya yangekuwa mapinduzi: maelfu ya ndoa za kuvuka jati katika jimbo lililo kali kuliko mengi. Uhalisi ni kwamba jati haikutikisika hata kidogo. Watoto ni wa jati ya baba, na mama hubaki mgeni asiye na ndugu wa kumtetea akipigwa. Katika jimbo hilohilo, mwaka 2007, vijana wawili wa jati moja waliuawa kwa kuoana wenyewe. Kosa lao lilikuwa kwamba walitoka gotra moja, yaani nasaba moja ya kiume, na baraza la ukoo linaloitwa khap liliwahesabu kuwa kaka na dada. Mwaka 2010 mahakama ya Karnal iliwahukumu kifo ndugu watano wa msichana, hukumu ambazo zililegezwa baadaye katika rufaa. Weka kesi hizi mbili bega kwa bega. Huku mke wa jati nyingine kabisa anapokewa kwa sababu amenunuliwa na wazee. Kule mke wa jati ileile anauawa kwa sababu amejichagulia. Kinacholindwa kwa kisu hapo si usafi wa damu pekee. Ni kalamu ya kusaini.

Mtu atasema haya ni mambo ya Uhindu, na dini nyingine zisihusishwe. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kubadili dini kwa siku moja, lakini wakwe hawabadiliki upesi hivyo. Waislamu wa India wana mgawanyo wa muda mrefu kati ya ashraf, wanaojinasibu na Uarabuni, Uajemi na Asia ya Kati, na walio chini yao, mafundi, wafumaji, wachinjaji na wafagiaji, ambao tangu miaka ya 1990 wamejipanga chini ya jina la Pasmanda, walioachwa nyuma. Hupanga safu moja msikitini, na posa ikija huulizana asili. Fikihi ina dhana ya ukufu, na msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa: neno kufu limo katika Kiswahili chetu, na kuna nyumba za waungwana zilizowahi kulitumia kwa ukali huohuo. Tafsiri pana zaidi, ile inayotazama dini na tabia, imekuwapo siku zote. Iliyoshinda mitaani ni ile iliyowafaa wenye nasaba. Wakristo nao: Kerala ina Wakristo wa Mtakatifu Tomaso wanaojihesabu wa kale na wa juu, na kusini kuna parokia ambako Wadalit waliobatizwa wamezikwa makaburi ya peke yao. Serikali nayo imeongeza fundo. Amri ya 1950 iliyotaja nani ahesabiwe katika jati zinazostahili nafasi maalumu ilianza na Wahindu pekee, ikaongeza Wasingasinga mwaka 1956 na Wabudha mwaka 1990, na mpaka leo haijawafikia Wadalit Wakristo na Waislamu, kana kwamba maji ya ubatizo yamewaosha machoni mwa jirani.

Na jirani anajua. Ndiyo sababu sheria za ndoa za dini mbalimbali zinafundisha kuliko khutba yoyote. Novemba 2020 Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India, lilitunga sheria ya kuzuia kubadili dini kwa hila, na majimbo mengine yakafuata. Siasa yake ilijengwa juu ya madai kwamba vijana wa Kiislamu wana njama ya kuwaoa mabinti wa Kihindu ili kuwasilimisha. Anayetaka kubadili dini atoe taarifa siku 60 kabla, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna hila huangukia mtuhumiwa. Ila kifungu kinachostahili kusomwa polepole ni cha adhabu. Kwa kawaida, kama sheria ilivyotungwa, kifungo kilikuwa mwaka mmoja hadi mitano. Kilipanda kuwa miwili hadi kumi iwapo aliyebadilishwa dini ni mtoto mdogo, au mwanamke, au mtu wa jati na makabila yaliyoorodheshwa, yaani Mdalit au Adivasi. Watatu hao wamewekwa kapu moja. Wanachofanana ni kwamba mtunga sheria hawaamini wanaweza kutaka jambo kwa akili yao. Mwanamke wa miaka 40 mwenye shahada ya udaktari yumo humo pamoja na mtoto wa miaka 9. Watetezi wanasema sheria inalinda wanyonge dhidi ya walaghai, na walaghai wapo. Lakini ulaghai katika ndoa ulikuwa kosa kabla ya 2020. Kilichoongezwa ni mlinzi mpya mwenye mhuri aliyekaa mahali pa baba. Mahakama Kuu ya Kerala ilifika hapo mapema zaidi: mwaka 2017 iliibatilisha ndoa ya mwanamke wa miaka 24 aliyesilimu, ikamrudisha mikononi mwa baba yake, na ilibidi Mahakama ya Juu, Machi 2018, iseme kwamba mtu mzima huchagua mwenyewe.

Waliberali wa Delhi hupenda kuishia hapo, wakiwalaumu wahafidhina wa Kihindu. Kesi ya Shah Bano inawanyima raha hiyo. Mwanamke huyu wa Indore, aliyeachwa uzeeni baada ya miaka zaidi ya 40 ya ndoa, alithibitishiwa na Mahakama ya Juu mwaka 1985 posho ya rupia 179 na ushee kwa mwezi. Viongozi wa Kiislamu walipinga kwamba mahakama imeingilia sheria ya dini, na serikali ya Rajiv Gandhi, ya chama kilichojiita cha kisekula, ikapitisha sheria ya 1986 iliyonuiwa kuipindua hukumu hiyo. Miaka 33 baadaye serikali ya chama kingine ikaigeuza talaka tatu za papo kwa papo kuwa kosa la jinai, kifungo mpaka miaka mitatu kwa mume Mwislamu, huku mume wa dini nyingine akimtelekeza mkewe bila kosa la namna hiyo kuandikwa kwa jina la dini yake. Katika mara zote mbili mwanamke alikuwa uwanja wa mechi. Nje kabisa ya uwanja wako wale ambao hakuna ukoo unaojua kuwaozesha: mahijra, waliotambuliwa na mahakama kuwa jinsia ya tatu mwaka 2014, na wapenzi wa jinsia moja, ambao mapenzi yao yaliacha kuwa kosa la jinai mwaka 2018 na ambao Oktoba 2023 waliambiwa kwamba haki ya kuoana si ya mahakama kuwapa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kawaida kabisa: kila jamii duniani huoana yenyewe kwa yenyewe, kwa nini India iwekwe kizimbani? Mkamba hupendelea Mkamba, tajiri hupendelea tajiri. Ni kweli, na ushahidi wa karibu tunao sisi. Wahindi waliohamia Afrika Mashariki walikuja na jamii zao zimefungwa vifurushi: Walohana, Wapatel, Waoshwal, na kwa upande wa Waislamu Waismailia, Wabohora, Waithnaasheri. Kila jamii ilijenga ukumbi wake na mahali pake pa ibada, nyingi zikafungua na shule, na wachumba wakaletwa kwa meli kutoka Gujarat na Kutch. Lakini angalia kilichobaki njiani. Mwenye ardhi wa kijiji hakuvuka bahari. Baraza la kijiji halikuvuka. Mgawanyo wa kazi ulipinduka, wengi wakawa wafanyabiashara na makarani. Kilichovuka salama ni ndoa, na hiyo peke yake ilitosha kuzihifadhi jamii hizo kwa zaidi ya karne. Tofauti kati ya upendeleo na uzio ni kinachompata anayetoka. Mkamba akimwoa Mluo, mashangazi watasema. Tamil Nadu, mwaka 2016, mwanafunzi Mdalit aliyeoa binti wa jati iliyo juu ya yake aliuawa mchana kweupe, barabarani, kamera zikirekodi. Na Tamil Nadu ni jimbo la mwanamageuzi Periyar, ambaye tangu miaka ya 1920 alihimiza ndoa za kujiheshimu, zisizo na kuhani, zilizotambuliwa rasmi na sheria ya jimbo ya 1967.

Pingamizi jingine husema ndoa zilizopangwa na wazazi zinadumu, na talaka India ni chache kuliko karibu popote. Ni chache kweli. Lakini sensa ya 2011 ilikuta waliotengana bila talaka wakiwa karibu mara tatu ya waliotalikiana, na ndoa ambayo mke hana pa kurudi itadumu hata kama ni jela. Sidai kwamba kila mzazi anayepanga ndoa ni dhalimu. Wengi huwapenda watoto wao na huwauliza. Nadai kwamba kuulizwa si sawa na kuamua. Kutoka upande wa kushoto huja sauti ya Wadalit wenyewe, nayo naiheshimu zaidi: tupeni ardhi, ajira na usalama, harusi zenu kaeni nazo. Ni haki yao, na hakuna anayepaswa kuoa ili kuthibitisha nadharia. Ambedkar mwenyewe alipigania maji, mahekalu, viti bungeni na ajira kabla na baada ya kuandika, mwaka 1936, kwamba dawa halisi ya jati ni watu kuoana. Aliacha uwaziri wa sheria mwaka 1951 mswada wa sheria ya familia ya Wahindu ulipokwamishwa, mswada uliokuwa na talaka, urithi wa binti na ndoa ya kuvuka jati ndani yake. Waziri Mdalit aliacha kiti kwa ajili ya mswada wa wanawake. Kwake haikuwa kazi mbili.

Kuna pia wanaopendekeza serikali isukume. India imejaribu kwa upole: mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa kutoa rupia 250,000 kwa wanandoa wa jati tofauti ambao mmoja wao ni Mdalit. Kwa ukali tulijaribu sisi. Zanzibar, mwaka 1970, wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wajumbe wa Baraza la Mapinduzi kwa hoja ya kuvunja ubaguzi, na kilichotokea ni kwamba haki ya kuozesha ilitoka kwa baba ikaenda kwa dola, wasichana wakabaki palepale. Kwa hiyo sitaki serikali ioze mtu. Ningetaka itoke njiani, na njia yenyewe inajulikana. Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954 ndiyo lango pekee la kitaifa kwa watu wa dini mbili wanaotaka kuoana bila mmoja kuiacha yake. Inataka wachumba watoe taarifa kwa msajili. Taarifa hiyo hubandikwa ofisini mahali pa kuonekana kwa siku 30, na mtu yeyote anaweza kuleta pingamizi. Kerala iliacha mwaka 2020 kuziweka taarifa hizo mtandaoni baada ya makundi ya kidini kuzikusanya na kuzisambaza. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Allahabad ilisema kubandika kuwe kwa hiari ya wachumba. Sheria yenyewe haijabadilishwa, na kwenye wilaya nyingi karatasi ingali ukutani, na majina na anwani, mwezi mzima, kaka na wajomba wakiwa na muda wa kutosha wa kupanda basi. Wahindu wawili wa jati moja, walioozeshwa na wazazi wao mbele ya moto na kuhani, hawatakiwi kubandika chochote.